Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Muhtasari wa Kiarabu nimeshautuma saa nane mchana.
Una muhuri, una namba, una orodha ya mahudhurio.
Huu mwingine nauandika kwa Kiswahili,
lugha ya jikoni kwetu hapa Ibra,
aliyorudi nayo mama kutoka Unguja
ndani ya sanduku moja, pamoja na mbuzi ya kukunia nazi,
katika mji usio na mnazi hata mmoja.

Waliohudhuria: kumi na mmoja.
Wanaume kumi, na mimi.
Mbele ya jina langu: katibu.
Udaktari haukuandikwa. Nafasi, waliniambia, ilikuwa finyu.

Ajenda ya kwanza: nani aende Geneva
kuwaeleza walimwengu tulivyoizima surua
kwenye vijiji vya mabondeni.
Mwenyekiti akasema, twende na Bwana Muhanna,
anaijua dunia, na suti humkaa.
(La suti sikuliandika.)

Sikuandika vilevile aliyeizima.
Ghaniya, muuguzi, kisanduku cha chanjo mapajani,
saa tatu garini, joto nyuzi arobaini na saba,
amekifunika kwa kanga iliyoloweshwa maji
hata maandishi ya kanga yamefutika,
akibadilisha barafu kila wanaposimama
kama mtu anayembadilisha mtoto nepi.

Wala Sista Lissy wa Kerala,
aliyejifunza kusema "usiogope" kwa Kibaluchi
kwa ajili ya mtoto mmoja tu, aliyekuwa akiuma watu.
Mkataba wake unaisha Machi.
Miaka kumi na mbili, hajaulizwa swali
linaloanza na "wewe waonaje".
Nami nimo katika wasiomuuliza.

Wodini tuko ishirini na wanane, wanawake ishirini na watano.
Panda ngazi, uhesabu kila ghorofa.
Ukifika ya nne, choo cha wanawake
kimefanywa stoo ya majalada.

Ikaja kahawa. Mhudumu alikuwa ameenda kuswali,
na macho ya mwenyekiti yakanijia mimi,
kana kwamba mkono ulioshika kalamu
ndio uliozaliwa na birika.
Nikainuka. Nikamimina kwa mkono wa kulia, kama nilivyolelewa.
Finjani isiyotikiswa hujazwa tena.
Wakatikisa mmojammoja. Wameshiba.

Ndipo yule kijana wa fedha akauliza:
hiyo barafu, ndani ya gari, ilidumu saa ngapi?

Bwana Muhanna akaitazama ripoti.
Ripoti haikumtazama.
Akanigeukia, taratibu, kama alivyozoea,
nimnong'oneze ukurasa.
Miaka tisa nimekuwa mnong'ono.
Ukurasa wa kumi na nne, niliuandika mwenyewe,
usiku, binti yangu ana homa, kalala begani.

Mama huuza udi katika soko la Jumatano,
soko letu wanawake, ambapo bei tunapanga sisi.
Nikiwa mdogo alinifunza:
ukishataja bei, usiteremshe macho.

Nikajimiminia. Nikaketi.
Saa sita na dakika arobaini, nikasema,
kwa sauti ninayosemea na wagonjwa.
Baada ya hapo chanjo ni maji tu.
Na anayejua zaidi yangu ni Ghaniya. Yuko chini, aitwe.

Kiyoyozi kikanguruma peke yake.
Mtu akakohoa.
Mwenyekiti akasema, ahsante, katibu, tuendelee,
lakini hakuna aliyejua tuendelee wapi.

Uamuzi: haukufikiwa.
Kikao kimeahirishwa hadi Jumatano.
(Jumatano! Nilitaka kucheka.)

Wametoka wote, nimebaki kukusanya karatasi.
Finjani kumi nimezirudisha kwenye sinia.
Yangu nimeiacha mezani, mbele ya kiti,
haijatikiswa.

Imeandikwa na Daktari Thuwaiba binti Nasor.