Shimo Namba Saba

Aliniambia: chimba hadi jiwe likukatae.
Shilingi elfu kumi na tano, na chai.
Nikapiga sururu kati ya msesewe na loliondo,
msituni juu ya Nkoaranga, pale jua linapofika
kwa vipande vipande, kama deni la jirani.

Juu kabisa, majani ya mwaka huu,
bado yanakumbuka umbo lao.
Chini yake ya mwaka jana, yamesahau nusu.
Chini yake tena weusi mlaini,
unanuka uyoga na kisima,
vimizizi vimeusuka kama ukili.
Bi Tasiana Ndunguru akashusha futi kamba:
sentimita kumi na mbili.
"Huu ndio msitu wote," akasema.
"Mengine haya ni miti tu."

Kisha mawe.
Si jiwe moja, ukoo mzima wa mawe,
makubwa kama kichwa cha ndama, madogo kama jino,
yamejibana katika udongo wa rangi ya kahawa
iliyotiwa maziwa kidogo kwa ubahili.
Kila moja limevaa ngozi ya tope,
na ubavu wake wa chini una baridi yake peke yake.
Sururu ikalia. Cheche. Kiganja kikafura.
Nikakuta mzizi umelikumbatia jiwe,
na jiwe limeubana mzizi,
sikujua nani kamshika nani.
Nikainua panga.
"Acha. Pita pembeni."
Nikapita pembeni.

Wanasema udongo uwahi ungali maji.
Huu nani aliuwahi?
Baba alipewa kipande kule ukingoni,
kila masika akapanda maharage, akavuna mawe.
Akayapanga yakawa ukuta,
ukuta ukawa mpaka,
mpaka ukawa kesi.
Na siku yake ilipofika, vijana wanne, mitaimbo mitatu,
walishinda kutwa wakapata futi nne.
Mchungaji akalitazama shimo, akatazama saa,
akafungua kitabu.

Nilipofika kiunoni, jiwe lilikuwa linaoza.
Ndiyo, jiwe huoza:
linageuka manjano, linaota kutu,
ukilibinya linakuwa mchanga mkononi,
kila punje na ukali wake.
Bi Tasiana akalitemea mate kidogo,
akalisugua kwa kidole gumba karibu na sikio,
akasikiliza
kama mtu anayepigiwa simu kutoka mbali.
"Kwetu kusini," akasema, "tuna jiwe la mchanga pia,
mchanga wa mito iliyokwisha kufa.
Wenu huu ulitapikwa na mlima,
ukashuka na tope, ukalala, ukashikana.
Mama mbalimbali, tabia moja:
maji hayangoji hapa."
Akamimina mabaki ya chai.
Hayakungoja.

Halafu mtaimbo ukasema ngee.
Nikajaribu kushoto: ngee.
Kulia, chini ya mizizi: ngee.
Nikapiga magoti, nikapangusa kwa kofia.
Jiwe moja, limetandikwa kama sakafu
ya nyumba ambayo hatukuambiwa mwenyewe.
Nikaweka kiganja. Lilikuwa la vuguvugu, au ni mimi.
"Limekukataa," akasema, akaandika.

Kufukia kuna adabu zake:
kilichotoka mwisho kirudi kwanza,
mchanga, mawe, kahawa, weusi, majani.
Hata hivyo kilibaki kichuguu,
kirefu kidogo, cha kimo cha mtu.
Nikakitawanya kwa mguu
wasije watoto wa kuni wakaogopa.

Mifuko minne imekwenda maabara Morogoro
na jina langu ubavuni kwa wino:
Nnko, shimo namba saba.
Sijawahi kufika Morogoro.

Usiku mama Elirehema alinikuta
nachokonoa kucha kwa mwiba wa mchongoma.
Weusi ule wa sentimita kumi na mbili
umegoma kutoka.
Akaunusa mkono wangu, akanyamaza kidogo.
Akanipa kijiko.