Mkono wa Mwavuli

Agosti, Nkuhungu, upepo unaleta vumbi mpaka kwenye kibodi.
Nafuta skrini kwa ncha ya kanga, nafungua picha:
Kapteni Vogelsang, enzi za Mdachi,
sharubu zimesokotwa, ncha zinatazama mbinguni,
buti moja juu ya sanduku la bati
kama aliyeua simba.
Kumbe sanduku la vyombo.

Ni kadi ya kumuaga mwalimu Mgata,
aliyetukaririsha jina la huyu bwana kwa fimbo na tarehe.
Nyemo kasema: mpe kazi basi,
asikae bure miaka yote hii.

Nikashika mkasi wa kompyuta,
nikamzunguka polepole, kofia, sikio, kitara,
kama mtu amenyaye kiazi kwa kisu butu,
nikamng'oa.

Kwanza nikampeleka sokoni Majengo,
beseni la zabibu kichwani.
Mama wa pembeni, niliyempiga Jumamosi akitazama mbuzi,
sasa anamtazama yeye,
uso wa mtu anayedai nyongeza.

Nikampakia mishikaki kwenye bodaboda,
katikati ya mwanafunzi na gunia la mtama,
kitara kimechomoza pembeni,
nikakitundikia mfuko wa mlenda mkavu.

Kisha foleni ya maji, ndoo ya manjano,
nambari arobaini na tatu.
Hapo kivuli kilinisumbua:
jua lake la asubuhi, langu la saa nane.
Ikabidi nimnyang'anye kivuli, nimshonee kingine.

Nyemo alicheka mpaka akakaa chini.
Shangazi akatuma sauti kutoka Manyoni:
"Huyo Mzungu amemuoa nani huko?"

Usiku nikarudi kwenye picha yenyewe, ile nilikomtoa.
Pana tundu jeupe lenye sharubu.
Sanduku halina buti.
Na juu, ukingoni kabisa, mkono
umeshika mwavuli,
unamkinga jua mtu ambaye hayupo.

Mkono tu. Mpiga picha alimkata mwenyewe begani.
Wiki tatu naitazama picha hii, sikuuona.

Nikauvuta karibu.
Kikuku cha waya.
Ukucha wa gumba umepasuka.

Nikajaribu kumpa mwili, wa binamu Chibago,
mkono ukakaa kama shati la kuazima.
Nikaondoa. Wa kwangu, vilevile.
Kapteni ninaye vipande kumi na viwili,
yeye nina kiwiko na vidole vitano,
na hakuna tarehe niliyopigiwa fimbo kwa ajili yake.

Basi nikaufuta mwavuli, angalau apumzike.
Mkono haukushuka.
Ulibaki juu, mtupu,
kama wa mtoto wa darasa la pili anayejua jibu
na mwalimu anatazama dirishani.

Kadi inatakiwa kesho saa nne.
LUKU inalia, zimebaki yuniti mbili.
Nimeuweka mkono ukurasa wa mbele, peke yake,
nikautoa,
nikaurudisha.