Kibano

Gyumri. Mlango wa jikoni umekomewa,
baba katumwa dukani kununua chumvi ambayo ipo tele.
Sufuriani sukari na limau vinachemka
hadi vigeuke rangi ya asali.
Nina miaka kumi na mitatu.
"Mtaka uzuri hudhurika," asema mama,
na kabla sijauliza ni nani anayeutaka,
ameshavuta.

Siku hizo alikuwa kiwandani, akifuma soksi ndefu,
zile nyembamba kama pumzi,
za wanawake wa mbali wenye miguu kama mishumaa.
Yeye alivaa jozi mbili, moja juu ya nyingine,
Julai, jua linachoma,
maana chini ya jozi moja malaika yake yalionekana
yamelala kifudifudi
kama sisimizi waliobanwa na kioo.

Kanisani niliwatazama malaika wa darini,
mashavu yao kama yai lililomenywa.
Nikayatazama malaika ya mikono yangu, meusi, mengi,
nikavuta sweta hadi kwenye ncha za vidole.
Jina ni moja. Mbona wale wamepewa mbawa?

Shuleni Hrant, mtoto wa fundi viatu, aliniita Sajenti.
Alipiga saluti kila nikipita.
Darasa zima likapiga saluti.
Yeye mwenyewe mdomo wake wa juu ulikuwa mtupu kama sahani,
na kila Ijumaa aliupaka masizi ya mshumaa.
Hilo nililijua baadaye, dada yake aliponinong'oneza,
na halikunisaidia kitu.

Basi nikaishi kwa hesabu:
taa ipi ina huruma, dirisha lipi halina.
Hakuna shahidi mbaya kama kioo cha gari, saa nne asubuhi.
Norayr aliponiposa nilisema ndiyo
kiganja kikiwa kidevuni, kama mtu mwenye mawazo mazito.
Akadhani kaoa mwanafalsafa.
Miaka kumi na tisa sasa, na bado hajui
kwa nini naamka kabla yake.

Jana, hospitalini.
Kiharusi kimemchukulia mama upande wa kulia
na maneno yote, isipokuwa matatu:
maji, hapana, na jina la paka aliyekufa zamani.
Daktari akauliza, "Mama Siranush, wapi panauma?"
Hakumtazama. Alinitazama mimi,
akainua kidevu.
Daktari akaandika kitu.
Mama akakiinua tena.

Nikafunga pazia. Nikatoa kibano kwenye pochi;
huwa kipo, kama wengine wanavyobeba msalaba.
Nywele tano. Nne nyeupe, ngumu kama mshipi wa kuvulia,
moja nyeusi, king'ang'anizi, imesalia toka ujana.
Niling'oa moja moja,
nikipuliza pale ngozi ilipopata wekundu
kama alivyonipulizia.
Yeye hakulia. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Muuguzi aliingia bila kubisha, msichana mdogo,
mikono wazi hadi mabegani,
malaika yamemsimama kwa baridi
wala hana habari nayo.
Akabadilisha dripu, akatoka akipiga mluzi.
Mama alimfuata kwa macho hadi mlangoni.
"Hapana," akasema,
sijui kwa hasira, sijui kwa husuda,
au huenda alikuwa akimtafuta paka.

Kisha kidole chake kimoja, kile ambacho bado kinatii,
kikanigusa hapa, chini ya mdomo,
nilipojichuna asubuhi kwa haraka.
Kikatulia.
"Maji," akasema.
Nikamletea maji.