Tata

Kompyuta ya idara ina feni inayokohoa
tangu Dakta Okwalinga aitoe Tororo ndani ya gunia la maharage.
Humo nimemwaga minyororo mia mbili,
kila mmoja shanga mia tano, bila ya ziada,
nikaipasha moto mpaka ikasahau nilivyoipanga.

Siku ya kumi na moja, bado inatambaa.
Umeme wa Mbale umekatika mara nne;
mara nne nimeanzia pale nilipohifadhi,
kama msomaji aliyekunja pembe ya ukurasa.

Swali langu ni dogo, naona haya kulitamka sokoni:
mnyororo mmoja, katikati ya wenzake,
unazuiwa mara ngapi?

Shangazi Khainza, afumaye sweta za shule kwa mashine,
alicheka: “Njoo basi, ninazo kilo tatu.”
Mtoto wa jirani alikuwa amelala juu ya nyuzi za kijani.
Lugha ilishajua: uzi ukitata, ndilo tatizo,
na mwenye kuutatua hahitaji cheti.

Kanuni yangu ina ukatili kidogo.
Shikilia ncha mbili za kila mnyororo, zisiende popote.
Kisha iamuru yote ijikaze, ifupike,
itafute njia ya mkato,
ila usiwepo unaopenya mwili wa mwenziwe.
Mizunguko ya bure inayeyuka, madaha yanakwisha.
Inabaki mistari iliyonyooka
na kona,
kila kona mahali penye mwingine.

Nikahesabu kona: kumi na tatu kwa mnyororo.
Nikapima kwa urefu, njia ya pili: saba.
Nikarudia.
Kumi na tatu. Saba.
Dakta akaandika pembeni kwa wino mwekundu:
Unahesabu nini hasa?

Usiku huo nilikuza picha mpaka kona moja ikajaa kioo,
nikitafuta fundo.
Hakuna fundo.
Nimeizunguka pande zote, juu, chini, kwa nyuma:
uzi huu umepita, na ule umepita,
wala hazikushikana.
Ni kwamba tu hakuna unaoweza kwenda
kabla mwenziwe hajasogea.
Nikaketi na hilo hadi baridi ya Wanale ikaingia dirishani.

Jumamosi, sakafuni kwa Shangazi,
nikaona uzi umelegea, nikauvuta.
Akanipiga mkono.
“Usivute! Ukivuta unazaa fundo ambalo halikuwepo.”

Nikanyamaza. Nikazifikiria zile kumi na tatu,
ngapi ni zao,
ngapi ni za mkono wangu.

“Shika hapa,” akasema, akanipa ncha moja.
Nikaishika mpaka vidole vikafa ganzi,
yeye akipitisha, akirudisha, akipuliza, akingoja.

Ncha ya pili tuliipata saa tisa alasiri,
ndani ya kiatu cha mtoto.