Vichupa Kumi na Viwili

Vilikaa juu ya jokofu, nyumbani kwetu Mabela,
vimejipanga kama askari wa gwaride:
karoti, njegere, peasi, peasi tena.
Haitham alisoma kila lebo kwa sauti,
kama mtu anayenunua kiwanja.

Ijumaa. Nje nyuzi arobaini na tano.
Kiyoyozi kinakohoa. Sinia limetua mkekani:
wali, nguru wa kukaanga, ndimu, pilipili kando.
Nikamfungulia Ilham kichupa, tak!
Akafumba mdomo
kama mlango wa benki siku ya Idi.

Kijiko kikaruka. Karoti ikanikaa kwenye nyusi.
Na mkono wake mfupi, ulionona,
ukavuka ukingo wa sinia bila hodi.

"Atapaliwa!" Haitham kasimama.
Mama yake, Bi Thuwaiba, hakusimama.
Alichambua mnofu kwa vidole viwili,
akatafuta mwiba, akatafuta tena,
akaukanda na wali kwa kidole gumba.
"Kaa chini. Wewe ulianzia papa mkavu."

Ilham akala. Punje shavuni, punje sikioni,
moja tuliikuta usiku, kitovuni.
Alitafuna kwa fizi na jino lake moja,
amekunja uso
kama kadhi anayemsikiliza shahidi muongo.
Kisha akafungua tena.

Vichupa nimevisuuza.
Kimoja kina bizari, kingine hiliki,
kidogo kabisa kina vifungo vya kanzu.
Vya peasi vilibaki vitatu.
Juzi, usiku wa manane, nikasikia jikoni:
tak!
na kijiko kidogo
kikikwangua polepole, kwa adabu.