Hesabu ya Oktoba

Jumatano ya kwanza ya Oktoba tunahesabiwa.
Wilaya imesema sitini. Tukipungua hapo,
mlango huu wa ghorofa ya pili, hapa Utica,
kilipokuwa kiwanda cha fulana,
utafungwa Juni.

Mimi ni karani. Rejesta ni yangu,
na kalamu nimeifunga uzi mezani,
maana kalamu za ofisi zina miguu.

Fomu ina visanduku saba vya asili ya mtu.
Eh Doh Htoo alizaliwa kambini, mpakani;
aliuliza kama kambi ina kisanduku.
Yadiel alitia alama tatu, akafuta mbili,
akafuta tena, karatasi ikatoboka.
Nurto aliandika pembeni, kwa mwandiko safi:
*Muulizeni mama, nami nitajua.*
Kayleigh Brzozowski, kisanduku chake kimoja tu,
alikitazama kuliko wote.
Shule mbili zilimshinda kabla ya hii,
au yeye alizishinda. Sikuuliza.
Hapa siku ya kwanza hatuulizi.

Kijitabu cha wilaya kinatuita bustani ya maua mengi.
Maua hayagombei maikrowevu.
Maua hayapashi dagaa saa tano asubuhi
wenzao wakafungua madirisha, na baridi hii.

Leo saa mbili nilikuwa na hamsini na saba.
Nikampigia Muridi. Shangazi yake akajibu kwa Kizigua:
yuko njiani.
Hilo "yuko njiani" nalijua, nimezaliwa nalo.
Lakini alikuja, kandambili juu ya soksi.
Hamsini na nane.
Kayleigh akaingia na mwanawe kifuani. Tisa.
Mtoto ana miezi minne.
Niliitazama rejesta, nikamtazama mtoto,
Mungu anisamehe.

Mkaguzi akapanda ngazi, viatu vinavuja maji,
akahesabu vichwa kwa kidole.
Kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole;
nilitazama dirishani mpaka akamaliza.

Kidole kikafika nyuma, penye bomba la joto.
Byamungu, ametoka zamu ya usiku kiwanda cha mtindi,
amelala, kichwa juu ya jiografia.
"Na huyu, yupo?"
Nikasema, yupo. Mguse.

Hakumgusa. Aliandika.
Byamungu akageuza shavu,
na ukurasa, umenata kwa mate,
ukamfuata.