Mguu wa Cherehani

Tulipanga Lamu. Miaka mitatu tulipanga Lamu
ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati,
noti zimekunjwa ndogo kama karatasi za kura.
Kisha paa likavuja, kisha karo, kisha matanga ya shangazi,
na kopo likabaki na sauti ya shilingi kumi kumi.
Okumba alilitikisa sikioni, akacheka:
"Hii inatufikisha Takawiri."

Nikafunga kibanda changu cha Kondele.
Nikaacha sketi arubaini za kwaya, za kijani, bila pindo.
Nikaacha cherehani imefunikwa leso
kama kasuku anavyofunikwa ili alale.
Mwalimu wa kwaya alipiga simu mara mbili
kabla hatujafika Ndori.

Boti ilipotoka Mbita, Apondi alichovya kidole, akakilamba,
akanitazama kama mtu aliyeuziwa sukari yenye mchanga.
"Mama, haina chumvi."
Alikwishaliambia darasa zima kwamba anakwenda baharini.
Ogweno, ana miaka kumi na miwili na hakuna asichokijua,
akamwambia chumvi mtu hujitilia mwenyewe.

Mchanga ulikuwa mweupe kweli.
Hata minazi ipo, sijui nani aliipanda huko.
Min Abiero alitupa vyumba viwili
na ufunguo mmoja unaofungua vyote.

Nilikaa.
Hiyo ndiyo kazi niliyopewa: kaa.
Okumba alinitandikia mkeka, akaniletea chai,
akanionya nisiguse sufuria ya mtu.
Lakini mguu wangu wa kulia haukusikia.
Ulikanyaga. Kisigino, vidole, kisigino, vidole,
ukishona ufuo na maji,
ukipiga pindo refu jeupe ambalo uzi wake haukatiki.
Kila wimbi lilipokuja nililipima kwa jicho:
nusu yadi, robo tatu, hili limepinda, lifumuliwe.
Usiku mguu ulikanyaga ndani ya chandarua
hadi Okumba akahamia kwa watoto.

Siku ya pili nilimkuta Min Abiero akianua omena.
Nikasaidia. Nikafukuzwa.
Nikaokota makombe ya konokono, nikayapanga kwa ukubwa
kama vifungo.
Yangeyange alisimama majini kwa mguu mmoja, saa nzima,
hafanyi lolote, hadaiwi na mtu.
Nilimwonea wivu, nakiri.

Siku ya tatu siikumbuki vizuri,
na hilo ndilo ninalotaka kulisema.
Nakumbuka ngege, mchuzi wake mzito, na ugali wa wimbi,
na Ogweno akisema tumekula wimbi mbele ya wimbi,
akacheka peke yake.
Nakumbuka Apondi akimjengea kenge choo cha mchanga.
Kisha
sikumbuki.

Nilipogutuka jua limekwishaegemea Mfangano,
moyo unapiga mbio, nimechelewa, nimechelewa,
nikapapasa kiatu, nikapapasa mkasi.
Okumba alikuwa ameketi palepale,
kiganja chake juu ya kifundo changu cha mguu,
kimetua taratibu, kama mtu aliyeshika kifaranga.
"Umenyamaza," alisema.
Hakuwa akinizungumzia mimi.

Leo ni Jumatatu. Sketi ni arubaini zilezile.
Apondi alirudi na chupa ya soda iliyojaa maji ya ziwa;
asubuhi ametia kijiko cha chumvi, ametikisa,
amekwenda nayo shuleni.
Nilimwona. Nikamfunga tu kamba za viatu.

Nami nimeifunua cherehani, nimetunga uzi wa kijani,
nimeweka mguu mahali pake.
Nikangoja kidogo
kabla ya kukanyaga.